Nati ya Kike

Watu wa Cheyo, mtaa wa Tabora, wanaomkumbuka Fundi Mfaume bin Selemani wanamkumbuka kwa uchoyo. Si uchoyo wa chakula, maana kwake hukutoka bila kula hata kama ulikwenda kudai. Ni uchoyo wa ufundi. Ukimuuliza kitu kidogo tu, nati hii inafungukia wapi, anaacha kazi aliyoishika, anakuja, anakunyang'anya spana, anafungua mwenyewe na kukurudishia spana yako bila neno. Wengine walisema ana jini la chuma lisilotaka kushirikiwa. Maneno ya barazani hayo, na mimi sina subira nayo. Waliosema hivyo hawakuwapo Igembya mwaka wa sabini na tano, na waliokuwapo hawakujua walichokiona.

Mfaume alizaliwa Tabora, na baba yake pia. Babu ndiye aliyekuja kwa miguu kutoka Manyema na pembe begani, mzigo wa mtu mwingine, akafika Tabora nyayo zimepasuka, akawaacha wenzake waendelee na njia ya pwani. Kutoka kwa babu huyo familia nzima ikapata neno moja: tumefika. Baba alifua bati, akatengeneza vibatari na ndoo. Mfaume aliingia gereji ya Kalasinga mmoja karibu na stesheni mwaka wa arobaini na tatu, akakaa humo miaka ishirini, akatoka na mikono iliyojua gari kuliko macho. Kalasinga alipofunga na kwenda zake, Mfaume alichimba shimo nyuma ya nyumba yake Cheyo, akalizungushia mapipa, na hapo ndipo palipokuwa gereji.

Sasa, kuwa na gereji yako mwenyewe miaka ile kulikuwa kama kuwa na upele usoni. Kila anayepita anakuangalia. Wewe si kiwanda cha umma, si ushirika, wala si shamba la pamoja. Wewe ni nani? Mfaume alihudhuria mikutano yote ya nyumba kumi, akachanga, akapiga makofi mahali pa kupiga makofi. Mkewe, Mwanne, alimwambia kila asubuhi, "Punguza mdomo." Naye aliupunguza. Kazi ilikuwa nyingi na vipuri havikuwapo, kwa hiyo alifanya kazi huku akiongea kidogo, maneno mafupi ya kazini, na kila mtu aliyemzunguka aliyaelewa. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Igembya ni kijiji kilichozaliwa na Operesheni, ile ya kuwahamishia watu vijijini. Mwaka wa sabini na nne watu wake walikuwa wametawanyika porini, kila ukoo na mji wake, kila mji na makaburi yake. Malori yakaja. Waliochelewa kupanda waliezuliwa paa. Wakapangwa mistari miwili kando ya barabara ya Igalula, palepale ilipopita njia ya wapagazi, mahali ambapo hata wapagazi hawakupenda kulala kwa sababu maji yako mbali. Mvua ya mwaka ule ikawakataa. Watu wakala unga wa njano wa msaada na kunyamaza.

Kitu kimoja kizuri walikuwa nacho: kombi kuukuu, Volkswagen ya mwaka wa sitini na moja, iliyoachwa na padri Mzungu aliyerudi kwao. Hiyo ndiyo iliyopeleka wagonjwa Tabora, ikaleta mbegu, ikabeba wajumbe. Dereva wake alikuwa Anselm, mtu mwembamba wa miaka kama thelathini na tano, mpole, mwenye tabia ya kurudia kwa sauti jambo aliloambiwa ili lisimtoke. Hakuwa fundi. Alijua kuendesha, kutia maji kwenye betri na kubadilisha gurudumu.

Jumanne moja ya Agosti, kombi ikitokea Tabora, gurudumu la mbele kushoto lilikwama ghafla gari likiwa kwenye mteremko wa korongo, nusu saa kutoka kijijini. Halikupasuka wala kuchomoka. Liligoma kuzunguka. Kombi ikavutwa kushoto, ikaruka ukingo wa daraja dogo na kulala chali kwenye mawe. Anselm alikufa palepale. Walikufa pia abiria watatu, mmoja wao Eustadia, binti wa mwenyekiti wa kijiji, Ngollo, aliyekuwa anarudi kutoka kununua kitambaa cha harusi yake.

Kabla maiti hazijazikwa, jina la Mfaume lilikuwa limeshatajwa. Wiki mbili nyuma Anselm alipeleka kombi Cheyo ibadilishwe beringi za gurudumu lile lile. Nani mwingine aliyeligusa? Ngollo alisimama ofisini na macho mekundu akasema mtu wa mjini, mwenye gereji yake binafsi, ameficha beringi mpya na kuwatilia wanakijiji kuukuu, na kwamba jambo hilo lina jina lake, na jina lake ni hujuma. Neno hilo lilikuwa zito mwaka ule. Mtu akishatajwa nalo hapelekwi mahakamani kesho yake. Anapelekwa tu, na mkewe anaanza kuuliza kwenye madirisha ya ofisi. Mfaume alimjua mmoja wa namna hiyo, jirani yake, aliyekutwa na magunia ya sukari. Miezi kumi na minne ilikuwa imepita, na mke wa jirani bado aliuliza.

Walimchukua Jumatano. Alikaa mahabusu siku mbili. Ijumaa asubuhi ofisa upelelezi, Inspekta Justus, akamtoa, akamtaka apitie gereji achukue vyombo vyake.

"Fundi," alisema Justus ndani ya Land Rover, "unashikilia kwamba ulitia beringi mpya."

"Mpya, afande. Namba yake imegongwa ubavuni. Nimeiandika kwenye daftari langu, na daftari unalo wewe."

"Mimi namba nitaisoma. Ila sitaki niisome peke yangu. Utafungua lile gurudumu mbele ya kijiji. Ikiwa kuukuu, unarudi nami kwenye gari hili na sijui utatoka lini. Ikiwa mpya, tutatafuta sababu nyingine."

"Nitafungua," alisema Mfaume. Alikuwa na hakika. Tangu kukamatwa kwake hakuwa na hofu ya beringi. Hofu yake ilikuwa kwamba hakuna atakayekubali kuiangalia. Sasa amepata mtu wa kuiangalia. Njia nzima aliomba dua kimyakimya na kujisikia karibu na furaha, na hilo nalo lilimtia aibu, maana alikuwa anakwenda mahali penye matanga.

Kombi ilikuwa imekokotwa na ng'ombe mpaka uwanja wa ofisi ya kijiji, ikasimamishwa. Paa limebonyea, vioo hakuna. Watu walikuwa wamejaa. Upande wa pili wa uwanja, hatua kama thelathini, ilikuwa nyumba ya Anselm, ya kwanza katika mstari, na mbele yake wanawake wamekaa kwenye mikeka kumzunguka mjane, Veneranda. Kijiji kilikuwa kimetangaza kwamba, kwa kuwa mumewe alikufa katika kazi ya wote, shamba lake litalimwa na wote. Mke wa Ngollo mwenyewe, aliyefiwa na binti, alikuwa kakaa mkeka mmoja na Veneranda, bega kwa bega. Msiba ulikuwa umewafanya ndugu.

Mfaume aliwaamkia wazee. Wachache waliitikia. Akavua shati, akabaki na fulana, akapiga jeki.

Gurudumu lenyewe halikumsumbua. Boliti tano zilitoka, akaliweka pembeni. Likabaki dramu la breki na habu yake, kitovu cha gurudumu, kitu kimoja cha chuma, cheusi kwa joto. Alilishika kwa mikono miwili akalizungusha. Halikutikisika hata unywele. Katikati ya habu kuna kifuniko kidogo cha grisi, na kwenye magari ya aina ile waya wa spidomita unapita ndani ya spindeli, mhimili wa gurudumu, na kutokeza hapo kwenye kifuniko, ukizuiwa na kipini chembamba. Akakigonga kipini, akakitoa, akakibandua kifuniko. Harufu ya grisi iliyoungua ikatoka, ya uchachu, watu wa mbele wakarudi nyuma. Akafuta kwa kitambaa mpaka nati ikaonekana.

Mfaume alikuwa na desturi yake. Kila alipomaliza kurekebisha beringi aligonga nukta mbili kwa ncha ya chuma: moja kwenye nati, moja kwenye ncha ya spindeli, zikitazamana. Ilikuwa ni saini yake. Gari likirudi, anafungua kifuniko, anaangalia nukta, anajua kama kuna mkono mwingine umepita.

Nukta ya spindeli ilikuwa juu, mahali pake. Nukta ya nati ilikuwa kushoto. Ilikuwa imesogea robo ya mzunguko, robo kamili, kama mtu aliyepima.

Hapo inabidi nisimame nieleze, maana ndipo mambo yote yalipo. Nati za kawaida hufungia kulia na kufungukia kushoto. Kila mwenye baiskeli anajua. Lakini gari lile, kwenye gurudumu la mbele kushoto, nati yake inakwenda kinyume: ukiizungusha kushoto unaikaza. Wameifanya hivyo makusudi, gurudumu lisije likaifungua lenyewe likizunguka. Katika gereji ya Kalasinga palikuwa na mzee wa Tabora aliyeita mkono wa kulia wa kuume, na wa kushoto wa kike, kama wazee walivyosema. Nati iliyofungia kulia akaiita ya kuume, na ile ya kinyume, iliyofungia kushoto, akaiita ya kike. Jina likakaa. Mfaume aliondoka nalo, akalileta Cheyo, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba ni jina la uwanja mmoja tu wa gereji. Aliliona ni Kiswahili.

Akakumbuka. Wiki mbili nyuma alikuwa amelala chali chini ya lori, miguu nje, Anselm kasimama karibu na miguu hiyo akiwa na haraka ya kuondoka.

"Fundi, ikipata joto njiani nifanyeje? Kule kwetu hakuna mtu."

"Beringi mpya hubana," Mfaume alimjibu kutoka chini. "Ikipata joto ilegeze robo. Robo tu, usizidishe. Na uangalie, ya kike hiyo."

"Robo. Ya kike," Anselm akarudia. "Nimeelewa."

Naye Mfaume, akiwa na boliti mdomoni, akaona ameeleweka. Hakutoka chini ya lori. Ingemchukua dakika moja kutoka, kumshika yule mtu mkono na kumwonyesha. Hakutoka.

Sasa, akiwa amepiga goti mbele ya ile nati, alimwona Anselm waziwazi: yuko peke yake barabarani, kagusa habu ikamuunguza, kachukua spana, anajisemea robo, ya kike, anageuza upande wa kike, kushoto, kwa uangalifu, robo tu, asizidishe. Mtu ambaye si fundi, ukimwambia nati ni ya kushoto, atadhani unamwelekeza upande wa kuifungulia. Alitii kila neno. Akaikaza beringi iliyokuwa tayari inabana, akashukuru Mungu, akapanda garini na watu wake.

Mfaume alipitisha kidole juu ya nukta.

"Umeona nini?" Inspekta Justus alikuwa ameinama begani kwake.

"Grisi imeungua, afande."

"Na hizi nukta?"

"Alama zangu."

"Ulizigonga hivi, moja huku moja kule?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na mdomo wake ukajibu kabla yake. "Zilikuwa zinatazamana." Justus akachora duara kwenye kijitabu chake, akaweka nukta mbili, akaandika kitu.

Mfaume akalibandua bati la kuzuilia nati, akatia spana ndefu, akaivuta kulia kwa uzito wa mwili wake wote. Ngollo akapaza sauti, "Mbona anakaza? Anaharibu ushahidi!"

"Sikazi, ndugu mwenyekiti. Upande huu wa gari nati inakwenda kinyume."

"Kinyume? Na nani anayejua hilo?"

"Mafundi," alisema Mfaume, na nati ikalia, ikaachia.

Habu yenyewe haikuachia. Beringi ya ndani ilikuwa imeungua mpaka pete yake ikashikana na spindeli, chuma kwa chuma. Akafunga puli, kile chombo cha makucha matatu kinachokumbatia dramu na kusukuma katikati kwa skrubu. Akakaza kwa nguvu zake zote. Kucha moja ikateleza, puli ikaruka na kumpasua kifundo cha kidole. Akafunga tena. Akamwagia mafuta ya breki, akangoja, akagonga dramu kwa nyundo kuzunguka, pigo moja hapa, pigo moja kule, asiipige mahali pamoja. Akawasha taa ya petroli ya kuchomea, akaipasha habu moto. Saa nne ikawa saa sita. Jua likamkalia mgongoni. Watu hawakuondoka. Kila pigo la nyundo lilikwenda mpaka kwenye mikeka ya wanawake na kurudi.

Na kichwani mwake kulikuwa na kazi nyingine, ngumu kuliko ile. Beringi ikitoka, namba itasomwa, naye atakuwa hana hatia ya beringi. Halafu wataulizana nani aliyesogeza nukta. Jibu ni Anselm. Halafu, nani aliyemwambia Anselm asogeze? Akisema mimi, ataeleza vipi mbele ya Ngollo, aliyezika binti juzi, kwamba alisema neno sahihi kwa mtu asiyelijua? Nani atakubali kwamba watu wanne wamekufa kwa sababu ya jina la nati? Watasema alimpotosha makusudi. Alimwona Mwanne kwenye dirisha la ofisi. Akamwona Veneranda pia, maana kila alipoinua kichwa kupangusa jasho alimwona, kakaa wima katikati ya wenzake, kitenge cheusi, macho kwenye gari.

Pakaja na wazo baya. Akipiga tindo vibaya, pete itapasuka vipande, namba itapotea, hakuna atakayejua lolote. Lakini hapo atapotea yeye. Kwa hiyo akapiga vizuri. Najua wapo watakaosema huo ndio uaminifu wa fundi. Ulikuwa ni woga, na yeye mwenyewe aliujua.

Saa nane kasorobo habu ikaachia kwa kishindo, kama bunduki, ikamsukuma akakaa chini na dramu mapajani. Watu wakapiga ukelele. Ile pete ya ndani ilikuwa imebaki kwenye spindeli. Akaikata kwa tindo polepole, upande usio na maandishi, akaichukua kwa koleo na kuisugua kwa mchanga. Mipira ya chuma ilikuwa imegeuka bluu na ile fremu inayoishika imesagika, lakini namba ilikuwapo, na ubavu wa pete ulikuwa hauna hata mkwaruzo wa uzee.

Justus akafungua daftari la Mfaume, akalinganisha. Akamwita Ngollo alinganishe naye. Ngollo alisoma tarakimu moja moja kwa kidole, mara mbili.

"Ni mpya," alisema Justus kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. Kisha akageukia kijitabu chake na ule mchoro. "Beringi mpya inaungua vipi kwa wiki mbili?"

"Ikibanwa kupita kiasi, afande."

"Nati iliguswa baada yako."

"Iliguswa."

"Mtu alitaka kulegeza akakaza, kwa sababu inakwenda kinyume."

"Inaelekea hivyo."

"Mwenye spana ni dereva."

Halikuwa swali.

"Na nani aliyemwambia dereva aiguse?"

Hili lilikuwa swali. Uwanja wote ulimtazama. Kutoka kwenye mikeka Veneranda alikuwa amesimama ili asikie. Neno lenyewe lilikuwa fupi, silabi mbili, na Mfaume alilipata ulimini, akalishika pale, akahisi uzito wake.

"Sijui, afande," alisema.

Justus akaandika. Akasema ajali imesababishwa na dereva kugusa chombo asichokijua, kwamba fundi yuko huru, na kwamba wananchi wasishutumu watu bila uchunguzi. Kisha akaingia ofisini kuimalizia taarifa yake mezani.

Ngollo alibaki amesimama na ile pete mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba aliyefika na hasira tayari, na sasa hasira imenyimwa mahali pa kwenda. Akageuka taratibu, akatazama nyumba ya kwanza katika mstari. Mkewe, kule kwenye mkeka, alikuwa amesikia yote. Akajifunga kanga vizuri, akainuka pale alipokaa bega kwa bega na Veneranda, akaondoka. Akafuata mwingine. Kisha wawili. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyelia. Waliokota vyombo vyao, sufuria za kupikia msiba, mmoja akavuta mkeka wake kutoka chini ya wenzake kwa kuwa ulikuwa wake. Baada ya muda si mrefu Veneranda alikuwa peke yake kwenye kipande cha mkeka, na kwamba shamba lake halitalimwa tena na wote, hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mfaume aliyaona yote hayo huku akikusanya spana. Alizipanga kwenye kisanduku kwa ukubwa, kisha akazitoa akazipanga tena. Alijichukia. Alijiambia atakwenda kwa Justus, sasa hivi, mlango uko wazi. Miguu haikwenda.

Alipoinua uso Veneranda alikuwa amesimama mbele yake na kopo la maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Nawa, mikono ina damu."

"Usimalize maji yako, mama. Maji hapa ni ya mbali."

"Nawa tu. Umefanya kazi tangu asubuhi na hakuna aliyekupa hata ya kunywa."

Akanyoosha mikono, naye akammiminia kidogo kidogo. Grisi haikutoka. Veneranda akachota jivu kwenye mafiga ya msiba yaliyoachwa, akampa asugulie. Hakukuwa na mtu karibu yao. Watu walikuwa wamekwenda kuitazama habu, wakipokezana kuibeba kuona uzito wake.

"Nataka kuelewa," alisema Veneranda. "Wanaume wameongea haraka. Kufungua nati ni huku." Akageuza mkono wake kushoto hewani.

"Ndiyo."

"Lakini ile ilikuwa huku." Akaugeuza kulia.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo angegeuza huku, angekuwa nyumbani."

"Angekuwa nyumbani."

Akaendelea kumimina. "Alikuwa mwangalifu, baba. Si mtu wa kushikashika vitu. Asubuhi ile anaondoka alikuwa anasema peke yake, unajua alivyokuwa, robo, ya kike, robo, ya kike. Nikamuuliza, ni nini hiyo ya kike? Akacheka, akasema mambo ya gari hayo, fundi anajua." Akamtazama usoni, macho makavu, bila shutuma hata kidogo. "Ni nini, baba? Ya kike ni nini?"

Ofisini Justus alikuwa anagonga muhuri. Kishindo chake kilisikika hadi nje. Duniani kote alikuwapo mtu mmoja tu wa kumjibu mwanamke yule, na mikono yake ilikuwa ndani ya maji yake.

"Sijui, mama," alisema Mfaume. "Sijawahi kulisikia."

Veneranda akatikisa kichwa. "Labda ni wimbo tu," alisema, akammiminia maji yaliyobaki, na Mfaume akaendelea kusugua.